Guta jipya lipimwe shambani, si dukani

MKULIMA anayekwenda mjini kununua guta la injini huwa ameshauza kitu. Ameuza ng'ombe, ameuza mpunga wa msimu mzima, au amekopa Saccos na kuweka shamba dhamana. Anaporudi kijijini na chombo kinachong'aa, kiti kikiwa bado kimefunikwa nailoni ya kiwandani, watoto humkimbilia kwa nyuma na majirani humpa hongera. Hakuna anayeuliza kama guta hilo litakuwa hai siku mkopo utakapokwisha.

Swali hilo ndilo lililopaswa kuulizwa kabla fedha hazijatoka mfukoni, na ukweli ni kwamba mnunuzi hana mahali rahisi pa kupata jibu lake. Muuzaji humwonyesha karatasi yenye picha. Karatasi inataja ukubwa wa injini, uzito unaobebwa, mwendo wa juu kabisa na rangi zinazopatikana. Haisemi chochote kuhusu udongo wa mbuga wa Shinyanga wakati wa masika, wala vumbi la kiangazi Dodoma, wala kona za Lushoto ambako chombo hupanda na kabichi huku kinaunguruma gia ya kwanza kwa nusu saa nzima.

Pikipiki hizi za magurudumu matatu zenye bodi ya mizigo nyuma, ambazo katika baadhi ya miji huitwa toyo, zimebadili biashara ndogo vijijini. Mengi hutoka China, mengine India. Zimechukua kazi ya mkokoteni, ya punda na, kwa safari fupi, hata ya gari aina ya pikapu. Hapana shaka kwamba zimewasaidia wengi. Lakini kila mwaka huingia majina mapya kwenye matangi ya mafuta, na kila jina jipya huja na sifa zilezile za "imara" na "haina usumbufu". Uimara ni kitu ambacho hakionekani kwa macho dukani, kwa hiyo ni rahisi sana kuuzwa kwa maneno.

Wengi huanza vibaya kwa kuhesabu miezi. Mtu husema, "Langu lina mwaka wa pili sasa, halijanisumbua." Maneno hayo hayana uzito mpaka ijulikane limefanya kazi gani. Guta la mwenye duka la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini, linalopeleka mifuko kumi ya saruji kwenye lami mara mbili kwa siku, haliwezi kulinganishwa na guta linalotoa mpunga mashambani Kilombero, likivuka mifereji na kukwama kwenye tope. La kwanza linaweza kufikisha miaka mitano na tabia njema. La pili, lililotoka kiwanda kilekile siku ileile, linaweza kuwa limeshafunguliwa injini mara mbili.

Hata kilomita zenyewe hudanganya. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza kilomita 1,000 kwa saa 20 tu za kazi. Kinachotambaa kwenye njia ya shamba kwa kilomita 8 kwa saa kitahitaji saa 125 kufikisha kilomita hizohizo. Injini ya pili imefanya kazi zaidi ya mara sita, na dashibodi zote mbili zinasoma namba moja. Ndiyo maana trekta huhesabiwa kwa saa na si kwa kilomita. Guta la shambani lilistahili kuhesabiwa hivyohivyo, lakini mengi hayana kipimo cha saa, na mwenye nalo hubadilisha oili kwa kufuata kilomita kama vile anaishi mjini.

Na hapo ndipo injini nyingi hufia. Injini ndogo ya namna hii hubeba oili kiasi cha lita moja hivi. Oili hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, ndiyo inayolainisha klachi na gia, na ndiyo inayosaidia kuondoa joto. Kwenye injini inayopozwa kwa upepo, upepo wenyewe hutokana na mwendo. Chombo kikiwa kimeshiba mzigo, kinapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, jua la saa nane linawaka, upepo huo haupo. Injini inachemka, oili inakuwa nyepesi kama maji, ringi zinaanza kula kuta za silinda, na baada ya wiki chache moshi wa bluu unatoka. Fundi atasema "imenoki" au "ringi zimekwisha". Muuzaji atasema dereva hakufuata maelekezo. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli.

Kwa mkulima wa milimani, basi, guta lenye rejeta ya maji na feni linastahili kuongezewa fedha kuliko lenye redio na taa za urembo. Lakini rejeta nayo ina shida yake: ikipasuka njiani na dereva akaendelea na safari kwa kuwa "bado kidogo tu nifike", injini haitapona. Asiye na uhakika na dereva wake bora abaki na injini ya upepo na kupunguza mzigo.

Mzigo ndilo jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Chukua guta lililoandikwa kilo 500. Magunia matano ya mahindi ya kilo 100 yanatosha, na hapo dereva na mwenye mzigo aliyekaa juu ya magunia hawajahesabiwa. Nani amewahi kuona guta lenye magunia matano barabarani wakati wa mavuno? Yanapakiwa manane, yanapakiwa kumi. Yakiwa ni viazi vya lumbesa kutoka Njombe, hata mwenye gunia hajui limezidi kilo ngapi. Chombo hicho kinabeba mara mbili ya uwezo wake, na hakivunjiki siku hiyo. Chuma huvumilia, kisha hukumbuka. Ufa huanza mdogo kama unywele kwenye maungio, hasa pale sehemu ya mbele ya pikipiki inapoungana na fremu ya bodi, na kwenye shingo ya usukani. Huko ndiko mnunuzi anapaswa kuinama na kuangalia, tena kwa chombo kipya, kabla rangi haijafunikwa na tope. Je, uchomeleaji ni mnene na umeendelea bila kukatika, au fundi wa kiwandani amedonoa donoa na rangi ikaficha mengine? Bomba la fremu lina unene gani? Kuna bamba la kuimarisha kwenye kona? Mambo haya hayahitaji digrii ya uhandisi. Mchomeleaji yeyote wa mtaani anaweza kuyasoma kwa dakika kumi, na kumlipa nauli aende dukani pamoja na mnunuzi ni gharama ndogo kuliko zote katika biashara hiyo.

Wakiwa hapohapo waangalie majani ya springi za nyuma ni mangapi, na kama difu ina mahali pa kujazia oili panapofikika. Wachungulie pia mahali pa chujio la hewa. Chujio lililowekwa chini, karibu na gurudumu, litakula vumbi la barabara nzima, na vumbi likishapita hapo ni msasa ndani ya silinda.

Wengi hutegemea ushauri wa jirani au wa fundi wa kijiji, na hilo ni jambo la busara, ila ushauri huo nao unahitaji kupimwa. Jirani aliyenunua guta miezi mitatu iliyopita atalisifu, kwa sababu hakuna mtu anayependa kukiri mapema kwamba fedha yake imepotea. Fundi kwa upande wake husifu kile anachojua kukitengeneza. Tena fundi huona vilivyoharibika tu. Tuseme kijijini kuna maguta 40 ya aina moja na manne tu ya aina nyingine, na leo gerejini yamelala manne ya aina ya kwanza na mawili ya aina ya pili. Mpita njia atasema aina ya kwanza ndiyo mbovu, kwani ndiyo iliyojaa gerejini. Hesabu inasema kinyume kabisa: katika aina ya kwanza limeharibika moja kwa kila kumi, katika aina ya pili ni nusu yote. Kwa hiyo swali zuri kwa fundi si "lipi bovu?" bali "yapo mangapi hapa, na umeyafungua mangapi, na kwa ugonjwa gani?"

Lipo pia swali ambalo madalali hulijibu bila kujua kuwa wanalijibu. Guta la aina hiyo lililotumika miaka mitatu linauzwa bei gani leo? Soko la vyombo vilivyotumika halisikilizi matangazo. Aina ambayo baada ya miaka mitatu bado inapata mnunuzi kwa nusu ya bei ya dukani imeshafaulu mtihani. Aina ambayo hakuna anayeitaka, au inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, imeshafeli, hata kama duka limeipaka rangi nzuri namna gani. Na aina ambayo hakuna hata moja lililotumika sokoni, kwa kuwa jina ndiyo kwanza limeingia nchini? Hiyo haina historia, na asiyekuwa na fedha ya kupoteza asijitolee kuiandika.

Ushauri huo wa kusubiri unaweza kuonekana ni uoga. Lakini hata nchi tajiri, zenye viwanda vyenye majina makubwa na maabara za kila aina, zimejifunza hivyo kwa gharama. Marekani wakulima na wawindaji hutumia vigari vidogo vya magurudumu manne, ambavyo dereva na abiria hukaa sambamba, nyuma kukiwa na bodi ndogo ya mizigo. Kawasaki ilianza kuuza Mule yake mwaka 1988, ikiwa chombo cha kazi, cha mwendo wa pole. Baadaye ushindani ukahamia kwenye kasi na nguvu. Aprili mwaka 2016 kampuni ya Polaris ilitangaza kurudisha vigari vyake vya RZR kiasi cha 133,000, vya matoleo ya mwaka 2013 hadi 2016, kwa hatari ya kushika moto. Taarifa za moto zilikuwa zimezidi 160, na msichana wa miaka 15 alikuwa amepoteza maisha. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola za Marekani milioni 27.25 kwa madai ya kuchelewa kutoa taarifa kwa mamlaka. Havikuwa vyombo vya uchochoroni hivyo. Vilikuwa vimepita kwenye majaribio ya kiwandani, ila matumizi ya watu wa kawaida yakaonyesha ambacho majaribio hayakukionyesha.

Vigari hivyo havijawa vya kawaida kwa mkulima mdogo wa hapa, na bei yake haimruhusu. Kuna jambo moja tu la kuchukua hapo kwa mwenye shamba kubwa anayevifikiria: vingi havina gia za kawaida, nguvu hupitishwa na mkanda wa mpira, na mkanda huo huungua haraka ukivutishwa mzigo mzito kwa mwendo wa pole. Asiyekuwa na mkanda wa akiba stoo asinunue.

Turudi kwenye guta. Spea ndiyo nusu ya uimara, na pengine zaidi ya nusu. Chombo kinachoharibika mara mbili kwa mwaka na kupona siku hiyohiyo kwa spea ya duka la kijijini ni imara kuliko kinachoharibika mara moja na kulala miezi miwili kikisubiri kifaa kutoka Kariakoo, ambako nako hakipo. Mavuno hayasubiri. Nyanya hazisubiri hata siku mbili. Kabla ya kununua, mtu aende kwenye maduka mawili au matatu ya spea katika wilaya yake, si kwa wakala aliyeuza chombo, aulize klachi, bloku na pistoni yake, beringi za magurudumu, krosi ya propela na waya za klachi. Vikipatikana vyote, vizuri. Akiambiwa "hiyo inaingiliana na ya aina fulani, tunaichonga kidogo", ajue amepewa jibu la kweli ambalo karatasi ya dukani isingempa.

Somo la spea Tanzania ilikwisha kulipata. Wakati wa Kilimo Kwanza, iliyozinduliwa mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono, yaani pawatila, yaliingizwa kwa wingi na kusambazwa vijijini. Baadhi yalifanya kazi nzuri, hasa kwenye mashamba ya mpunga yenye maji. Mengine yalipelekwa kwenye ardhi ngumu na kavu ambayo hayakuyaweza, yakaishia kuvuta matela au kuegeshwa chini ya mwembe kwa kukosa spea na fundi anayeyajua. Chombo kilikuwa kizuri mahali fulani, kikapelekwa mahali pengine.

Lakini je, ni haki kumtwisha mkulima mmoja mmoja kazi yote hii ya upelelezi? Si haki. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska, Marekani, lilikuwa na tatizo linalofanana sana na hili. Viwanda vya matrekta vilikuwa vimezuka vingi kama uyoga na kila kimoja kilijisifu. Mkulima mmoja, Wilmot Crozier, alikuwa amenunua matrekta yaliyomtesa kabla ya kupata moja lililofanya zaidi ya kilichoahidiwa. Alipochaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, alishirikiana na seneta Charles Warner kupitisha sheria: trekta lisiuzwe Nebraska mpaka aina yake ipimwe na chuo kikuu cha jimbo na matokeo yatangazwe, na kampuni inayouza iwe na spea ndani ya jimbo. Majaribio yalianza mwaka 1920. Matokeo hayo yalikuja kusomwa na wanunuzi mbali kabisa na Nebraska, na viwanda vilivyozoea kutia chumvi vikalazimika kupunguza maneno.

Kinachovutia katika sheria ile ni mambo mawili kuwekwa pamoja: kipimo kinachotangazwa hadharani, na spea. Tanzania ina vipande vya kazi hiyo. Lipo Shirika la Viwango, TBS. Kipo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, ambacho kupima mashine za kilimo ni sehemu ya kazi zake. Ipo Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, yenye wajibu wa kumlinda mlaji. Ipo pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kwa masharti yake inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, pale alipotegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Maneno "alimweleza" ni ya kuzingatia. Mkulima anayekaa kimya dukani hupunguza haki yake. Anayesema mbele ya shahidi, "Nataka la kubeba kilo 600 za mpunga kwenye njia ya shamba," na kudai maneno hayo yaandikwe kwenye stakabadhi, ana kitu cha kushika siku ya ugomvi. Muuzaji atakayekataa kuyaandika atakuwa ameshajibu.

Garantii zenyewe, kwa jinsi zinavyoandikwa na wauzaji wengi, zinamlinda zaidi muuzaji. Inapoandikwa kwamba garantii inakufa chombo kikizidishiwa mzigo, kikipita njia isiyo barabara au kikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na fundi aliyeidhinishwa yuko kilomita 300, mkulima amepewa karatasi ya kufungia karanga. Afadhali garantii ya miezi sita ya injini na difu, inayomtambua fundi wa wilayani, kuliko ya miaka miwili yenye masharti ya namna hiyo.

Wanaoweza kulianza jambo hili bila kusubiri Bunge ni wakopeshaji. Saccos, Vicoba na benki ndizo zinazolipia sehemu kubwa ya maguta haya, na guta likifa mkopo nao huugua. Hata hivyo fomu ya mkopo huuliza jina la mjumbe wa nyumba kumi na picha mbili za pasipoti, haiulizi aina ya chombo imefanyaje mikononi mwa wanachama waliotangulia. Daftari moja lingetosha. Kila mwanachama mwenye guta aandikiwe tarehe ya kununua, aina, kazi linayofanya, na kila siku lililolala gerejini pamoja na kilichoharibika na fedha iliyotumika. Kwa chama chenye maguta 30, baada ya misimu miwili kamati ya mikopo itakuwa na taarifa ambazo hakuna muuzaji wa Dar es Salaam aliye nazo, na itaweza kumwambia mwombaji, kabla ya kusaini, kwamba aina anayoitaka imelala gerejini siku ngapi wakati wa mavuno ya mwaka jana.